Amri ya Mzee Pyo na Kabichi Mia Tatu

Bong Sun-rye hakuwahi kumwamuru mtu. Katika kanisa lao pale Gunsan, Korea, alikuwa shemasi kwa miaka kumi na tisa, na kazi ikimfika aliianza mwenyewe, wengine wakamfuata. Basi Jumamosi ile ya Novemba, siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili, kwa ajili ya wazee sitini wanaoishi peke yao, hakushangaa kuona jina lake chini kabisa ya chati iliyobandikwa ukutani. Juu kabisa palikuwa na Mzee wa Kanisa Pyo, aliyewahi kuwa meneja wa kiwanda cha mbao.

“Leo tunafanya kazi kwa utaratibu,” alisema Mzee Pyo. “Naenda mkutano wa wazee wa kanisa. Asioshe mtu kabichi mpaka nirudi.”

Alisema angerudi saa nane. Saa tisa hajaonekana, na simu ameizima. Sun-rye aliinua kabichi moja kutoka kwenye mapipa ya maji ya chumvi zilimolowekwa, akalikunja jani lake. Likajikunja laini bila kukatika. Chumvi ilikuwa imekolea. Ikibaki humo saa moja zaidi, kabichi zote mia tatu zitakuwa chumvi tupu, na wale wazee watakosa kimchi majira yote ya baridi.

“Jamani, imeshakuwa tayari.”

“Tunajua, Dada,” alijibu Ma Ok-hui, jirani yake. “Tangu saa nane unusu tunajua. Lakini nani atavunja amri ya Mzee? Wewe? Hata paka wako hukuamuru wewe.”

Wanawake wakacheka, kisha wakarudi kuyatazama mapipa.

Sun-rye alifungua bomba. Akaosha kabichi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilipoingia kwenye beseni, Ok-hui alikuwa ameshapandisha mikono ya sweta.

“Sogea huko, umenibana.”

Muda si muda ua mzima wa kanisa ulichangamka. Hawa wanaosha, wale wanakamua, huku pilipili inakorogwa, na mtu ameanzisha wimbo kwa sauti ya juu kupita kiasi. Sun-rye hakukumbuka kufurahi hivyo tangu harusi yake.

Ndipo Mzee Pyo akaingia getini. Wimbo ukakatika.

“Nani ametoa amri?”

“Hakuna, Mzee,” alisema Sun-rye. “Mimi ndiye niliyeanza.”

Mzee Pyo alinyofoa jani la kabichi, akatafuna polepole. Akatafuna tena. Masikio yalimgeuka kuwa mekundu.

“Ningechelewa zaidi ingeharibika.”

“Ingeharibika, Mzee.”

“Na hamkunisubiri.” Akavua koti. “Shemasi Bong, mimi nifanye nini?”

Sun-rye alitazama huku na huku akidhani kaulizwa mwingine. Kisha akamnyooshea aproni pekee iliyobaki, ya maua ya waridi.

“Kaa hapa karibu yangu, Mzee. Paka pilipili kila jani, usiruke hata moja.”

“Na asiongee mtu mpaka tumalize,” Ok-hui alidakia, na ua wote ukaangua kicheko.