Msemaji wa Mahari Aulizia Meli

Sylvère hakuingizwa bungeni na siasa. Aliingizwa na harusi.

Kabla ya kuitwa Mheshimiwa alikuwa mwalimu wa jiografia katika mtaa wa Kamenge, na kila Jumamosi alivaa koti lake la kijivu akaenda kuwaombea vijana wachumba. Bujumbura kijana hajiombei mke. Anatafuta ulimi wa kumwombea. Ulimi wa Sylvère ulikuwa hauna mshindani. Alisimama chini ya hema, akavuta pumzi, akaanza na mvua, akapitia ng'ombe, akafika kwenye urafiki wa mababu ambao hata hawakuwahi kuonana, na alipokaa chini baba wa binti alikuwa ameshasahau alitaka mahari gani.

Upande wa pili nao una msemaji wake, ambaye kazi yake ni kukataa. Binti yumo chumbani anapakwa poda, lakini msemaji atakuapia kwamba ameingia utawa, au amekwenda kusoma Urusi, au nyumba hii haijawahi kuzaa msichana. Watu wanacheka, wageni wanaomba tena, mwishowe binti anatoka. Mwiko ni mmoja: aliyeomba kwa niaba ya wageni hawezi kugeuka akajibu kwa niaba ya wenyeji katika ndoa hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo haalikwi tena, hata kwenye kipaimara.

Kwa hiyo chama kilipotafuta jina linalojulikana kila mtaa, hakikuhangaika sana. Nusu ya wapiga kura Sylvère alikuwa amewaoza.

Bungeni hakutisha mtu. Alijifunza haraka kusinzia huku ameshika kalamu, jambo ambalo wengine huwachukua muhula mzima. Alichokitaka kilikuwa kimoja: kupanda ndege. Miaka yote ya ualimu alichora ubaoni bandari ya Rotterdam, winchi zake na mifereji yake, mpaka wanafunzi wakadhani ana shamba huko. Ukweli ni kwamba alikuwa amefika Uvira na Kigoma, na Kigoma alitapika njia nzima.

Basi wizara ilipotangaza kwamba ujumbe utakwenda Rotterdam kwenye maonyesho ya kuitangaza nchi, na kwamba wabunge wawili watakuwemo, Sylvère akaanza kujifunza kusema asante kwa Kiholanzi.

Kivutio cha maonyesho hayo kingekuwa meli mpya ya taifa. Mabango yalikwisha kuchapwa: meli nyeupe ikikata maji ya Tanganyika, abiria wakinywa juisi kwenye sitaha, kiboko mmoja akitabasamu pembeni. Meli yenyewe ilikuwa bandarini, juu ya chelezo ambako ilikuwa ikiundwa tangu mawaziri wawili waliopita. Ilibaki kamati ya bunge, ambayo Sylvère alikuwa mjumbe wake, iulize maswali, ipige muhuri, watu wafunge mizigo.

Aliyekuja kujibu alikuwa Hugues, mkurugenzi wa wizara, mtu mnene mcheshi ambaye pia ndiye aliyeandaa majina ya wasafiri. Asubuhi hiyo alimnong'oneza Sylvère mlangoni, "Uliza kitu chepesi. Uliza rangi."

Mwenyekiti Candide, mama aliyekuwa daktari wa meno kabla ya siasa na bado anamtazama kila mtu mdomoni, akamwita. Sylvère akasimama. Kwa bahati mbaya alikuwa amevaa koti la kijivu. Akavuta pumzi, na ulimi ukashika njia uliyoizoea, kwa Kirundi kile cha heshima cha mahari.

"Wenyeji wetu, sisi ni wageni tuliotoka mbali. Tumesikia kwenu kuna binti aliyeumbika."

Ukumbi ukacheka. Hugues naye ni Mrundi, amekulia kwenye mahema hayohayo; ukimtupia mpira huo ataudaka hata akiwa usingizini.

"Binti? Hapa kwetu? Wazee, mmepotea njia."

"Hatukupotea. Sura yake tumeiona kwenye mabango."

"Yule ni binti wa jirani. Tuliazima picha."

Mbunge mmoja alipiga meza kwa kicheko. Sylvère alikuwa amenogewa.

"Basi mwiteni tumsalimie."

"Hawezi kutoka. Moyo wake uko ng'ambo."

"Ameupeleka kwa nani?"

"Kwa wauza injini! Na hawauleti mpaka walipwe."

"Na mavazi je? Tulisikia amevishwa nguo nyeupe."

"Upande mmoja, wazee wangu. Ule unaopigwa picha."

Kicheko kilianza, kikafika katikati ya chumba, kikafa. Kwenye mahari kila mtu anajua kwamba visingizio ni uongo. Hivi vilikuwa kweli tupu, na mwandishi wa kumbukumbu alikuwa anaandika.

"Bwana Mkurugenzi," Candide akasema polepole, "hiyo ya upande mmoja ni mzaha au ni jibu?"

Hugues akajifuta uso kwa tai. Candide akatangaza mapumziko.

Kwenye korido Hugues alimshika Sylvère mkono, na Kirundi cha heshima kikaishia hapo. Wakahamia Kiswahili cha mjini.

"Mheshimiwa, we unataka kunimaliza?"

"Mi nimekuuliza tu, muzee. Kujibu umejibu mwenyewe."

"Sikia. Rudi ndani, useme ulikuwa muchezo, uondoe ile swali. Halafu mi nakuchukua Rotterdam. Na si kukaa tu kwenye kiti! Utasimama karibu na ile meli ndogo ya plastiki, ya mufano. Wazungu wakiuliza kubwa iko wapi, utawajibu. Hakuna mutu Burundi anajua kusema binti hayuko nyumbani kuliko we."

Sylvère aliziona winchi. Aliona mifereji, na yeye akitembea kandokando yake na kuwatajia Waholanzi majina ya mifereji yao. Akafungua mdomo kusema ndiyo.

Lakini kichwani aliusikia mji. Habari ingefika Kamenge kabla yake: Sylvère aliomba binti asubuhi, mchana akamficha. Ubunge una mwisho. Chama kikichoka na wewe unarudi mtaani. Harusi hazina mwisho. Na ulimi ukishachafuka huupeleki kwa fundi.

"Apana," akasema. "Mi nilisha kuomba. Siwezi kujibu."

"Hii si harusi, we mutu!"

"Sasa mbona uliniambia moyo wake uko ng'ambo?"

Walirudi ndani. Candide akauliza kama Mheshimiwa analiondoa swali lake. Sylvère alitazama meza.

"Tunaomba binti atoke, Mama Mwenyekiti."

Kamati ilikwenda bandarini kwa basi dogo. Safari haikumaliza hata pipi mdomoni. Kutoka nchi kavu meli iling'aa. Candide akaizunguka akiinua sketi isiguse grisi, wengine wakamfuata, na upande wa ziwa wakakuta kutu nyekundu mpaka juu. Pale pa injini paka alikuwa amezaa. Siku ya safari ujumbe ukaondoka na kahawa na ngoma, bila meli ya plastiki, bila Hugues na bila Sylvère.

Jioni ya siku ile ya bandarini alimweleza mkewe, Daphrose, akiwa hajavua viatu.

"Baba Joëlla! Si walikuambia uulize rangi?"

"Niliuliza rangi. Iko upande moja."

"Na mi nilisha kumuambia jirani Ernestine tunakwenda Ulaya."

"Tunakwenda? Mi ndiye nilikuwa naenda."

Daphrose aliinuka.

"Sasa naelewa," akasema. "Mungu amefanya kazi yake vizuri."

Akaenda kupakua chakula, akicheka peke yake jikoni.