Mizani Moja Iliyopungua

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hasira za kutosha mtaa mzima. Sisi vijana wa Mkomani, hapa Lamu, tulichora, tukaigiza na kutunga mashairi popote tulipoachiwa: kwenye ngazi za watu, kwenye paa la jirani, mpaka mwenyewe arudi atufukuze. Na huku kulikuwa na chumba kitupu pwani, mali ya mtaa, kimefungwa kufuli tangu kabla sijazaliwa. Mara tatu tuliiandikia kamati ya wazee kukiomba. Mara tatu tukajibiwa kwamba jambo litaangaliwa.

Mara ya nne nikawaambia wenzangu: sipeleki barua, napeleka shairi.

Baba yangu ni Mwamu, mzaliwa wa hapa, mama ni Mluo wa Kisumu, na kila mmoja alinisaidia kwa lake. Baba alikaa nami akihesabu mizani kwa vidole, nane na nane, mstari kwa mstari. Mama hajui mizani wala vina, ila kusimama mbele za watu anakujua. Alinipandisha paani akaniamuru nighani mpaka jirani wa tatu alalamike. Akalalamika kweli. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Siku ya kikao, baada ya sala ya alasiri, nilisimama mbele ya wazee saba. Wakasikiliza wamefumba macho, wakiitikia kwa vichwa, nami nikaona mambo yamenyooka. Nikafika mstari wa mwisho:

*Wazee wetu wa Amu, tupeni ufunguo.*

Jozi zote saba za macho zikafumbuka.

"Ngoja," akasema mwenyekiti. "Mizani moya imepungua."

Alisema kweli. Mwanzo niliandika "tupeni hizo funguo", lakini asubuhi ile nikakumbuka kwamba kile chumba kina ufunguo mmoja tu, na mimi uongo siupendi, hata wa kishairi. Nikabadilisha bila kuhesabu.

Basi kikao kikaharibika. Mzee mmoja akasema niweke "tupeni nasi funguo". Mwenzake akamkatiza kwamba hiyo "nasi" ni ya kuziba pengo tu, haina kazi. Wa tatu akataka mstari wote uvunjwe uanzwe upya. Walibishana, wakahesabu kwa vidole, kahawa ikapoa vikombeni. Habari ya chumba hakuna aliyeitaja. Mimi nimesimama palepale, machozi yananilenga, nikiwaza jinsi nitakavyowaambia wenzangu waliokuwa wananingoja nje: nilikwenda kuomba chumba, nimepewa somo. Nilitamani kuichana ile karatasi.

Ghafla mwenyekiti akajipiga paja. "Tupeni yeo funguo!" Yeo, yaani leo, kwa Kiamu chetu. Akahesabu kwa vidole, nane kamili. Furaha ikampanda, akasimama, akanyoosha mkono na kuughani mstari mzima kwa sauti ambayo mama angeisifu:

*Wazee wetu wa Amu, tupeni yeo funguo!*

"Ahsanta!" wakaitikia wenzake. "Imetimia!"

Mdomo wangu haukungoja ruhusa. "Yeo, babu?" nikauliza. "Basi ni yeo. Umesema mwenyewe."

Kisha mzee wa pembeni akaangua kicheko, wa pili akafuata, mpaka kikao kizima kikawa kinacheka isipokuwa mimi na mwenyekiti. Nilimwona akitafuta pa kutokea. Angeweza kuliondoa lile neno, hakuna aliyemshika mkono. Lakini mstari ungepungua tena, mbele ya wenzake wote, na safari hii wa kulaumiwa angekuwa yeye.

Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa shada la funguo, akahangaika kuuchomoa mmoja uliokuwa umeshika kutu.

"Ndoo, mwanangu," akasema, yaani njoo. "Ndoo utwae."

Zilikuwa hatua nne tu kumfikia. Nilizikimbia.