Mkono wa Kushika Tu

Wenzake wa chumba cha upasuaji walimbatiza Bwana Usingizi, na jina hilo lilimkaa kuliko zile nguo za kijani zilizompwaya. Kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda na kumshika mgonjwa mkono wakati mtaalamu wa dawa ya usingizi anachoma sindano. Wagonjwa walimkodolea macho yeye.

"Ni wewe utanilaza, kaka?"

"Ni mimi. Ondoa wasiwasi." Hakuuona kuwa uongo, maana alishaomba nafasi katika chuo cha wataalamu wa dawa ya usingizi.

Asubuhi moja mkuu wa chuo alimkatalia waziwazi. "Kijana wangu, kemia umeanguka, hesabu umeanguka. Nikupokee kwa lipi? Rudia mtihani."

Alisharudia hadi wasimamizi wakamzoea sura. Yeye na kemia walikuwa paka na panya tangu shule. Kemia! Kana kwamba mtu anayetetemeka kitandani atamuuliza fomula! Mkewe alipopiga simu kutaka habari, alisingizia mtandao unasumbua, akakata.

Mchana wakamletea bibi wa kupasuliwa nyongo, meno yanagongana kwa hofu. Akamshika mkono kama kawaida.

"Mwanangu, ni wewe utanilaza?"

Siku zote jibu lilimtoka lenyewe. Leo maneno ya mkuu wa chuo yalimrudia.

"Hapana, bibi. Mimi nakushika mkono tu."

Bibi akamtazama, akauchomoa mkono wake taratibu, akaunyoosha hewani kumtafuta mwenye sindano.