Elfu Kumi, Mia Nne na Tatu

Mashua ya mwisho aliyoiunda baba kule kisiwani Chula ilipewa namba bandarini Kismayo: 10403. Waliipaka ubavuni kwa rangi nyeupe, mbiombio, sifuri moja ikatoka imepinda. Baba hakuijali sifuri. Alitazama ile tatu ya mwisho akasema, "Witiri."

Kwetu witiri ndiyo hesabu ya heri. Tende za kufuturu hatuli mbili wala nne, tunakula tatu au tano. Lakini baba aliamini zaidi ya hapo: kwamba namba ya witiri haikubali kugawanywa. Na hilo ndilo alilolitaka. Kaka yangu yuko Mombasa tangu tulipokimbia vita, mimi nikarudi, na baba alihofu kwamba akishafumba macho tutaiuza mashua tugawane.

"Wewe si mwalimu wa hesabu? Hakikisha," aliniambia.

Mimi ukweli hunitoka hata nisipoulizwa, sembuse nimeulizwa. Nikamwambia tisa nayo ni witiri, na inagawika kwa tatu. Akanuna. "Hiyo ndogo. Hii kubwa."

Haya. Nikachukua mkaa na ubao uliobaki. Tatu haikuingia, kwa kuwa tarakimu zake zikijumlishwa ni nane. Saba ilibakiza moja, kumi na tatu ikabakiza tatu. Nilipanda hivyo kwa namba tasa peke yake, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe. Sikuwa na haja ya kuvuka mia na mbili, maana hiyo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 10404, imeshapita kwa moja. Ikabaki ya kujaribu mia na moja tu. Baba alikwisha anza kucheka. Ikaingia, mara mia na tatu, bila baki.

Nilimwambia. Akauliza kama hizo mbili nazo zinagawika. Nikasema hapana, zote tasa.

"Basi ni kama wewe na kaka yako: mko wawili tu," alisema, akaenda kutawadha. Niliudhika. Afadhali angenigombeza.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Baada ya khitma kaka akapiga simu, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Ile mashua," alisema. "Nilitaka tuiuze, tugawane."

Nikamjibu kwa hasira kwamba namba yake inagawika kwa njia moja tu, mia na moja na mia na tatu, na yeye ndiye mkubwa, bila shaka anataka iliyo kubwa.



"Iliyo kubwa chukua wewe," kaka alisema. "Wewe ndiye uliyemzika baba. Mimi niliambiwa kwa simu."

"Na mashua?"

"Iache. Ila ile sifuri iliyopinda niliyoiona kwenye picha uliyonitumia, inyooshe. Baba hakuwa mtu wa kazi mbovu."

Nililia, sikatai. Asubuhi nikaenda kununua rangi nyeupe.