Bomba Lililogoma Kupona

Fundi bomba waliyemwita Spana alikuwa na mikono ya kusifiwa mtaa mzima, na mdomo wa kuiaibisha mikono hiyo. Bomba lililokesha likilia, yeye alilinyamazisha kabla mwenye nyumba hajamaliza kulalamika. Tatizo ni kwamba akishakunja vifaa vyake alikwenda kupiga maji, na wala si yale ya bombani. Watu walimcheka, naye akacheka nao, mpaka siku aliyokwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alifika kwa binti yake amelewa chakari, akamnyanyua mtoto, akayumba naye mpaka akajibamiza kwenye kabati. Bahati nzuri mtoto hakuumia. Binti yake alimchukua mwanawe, akasema bila hata kupandisha sauti:

"Baba, huyu utambeba siku ukija mzima. Kabla ya hapo usijisumbue."

Spana akaapa palepale kwamba pombe basi. Kiapo chenyewe hakikufika jioni.

Ikawa Jumamosi moja asubuhi ameitwa kutengeneza bomba katika shule ya chekechea. Aliyemfungulia mlango alikuwa mama mmoja fundi cherehani, sentimita yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Bomba liko kule mwisho wa darasa, fundi. Sisi tuna kikao chetu hapa, usitujali." Kikao kilikuwa cha watu wazima waliokalia viti vya watoto, magoti yamewafika videvuni. Spana alijiuma mdomo asicheke. Akapita, akapiga magoti mbele ya sinki, akatoa vifaa vyake.

Ndipo akamsikia mwanamume mmoja mnene, dereva wa lori, akisema: "Leo sijanywa. Jana nilikunywa."

Spana alingoja wamzomee. Hawakumzomea. "Ahsante kwa kusema," walijibu, na zamu ikahamia kwa mwingine aliyetaka kuacha pombe kama yeye.

Mkono wake ulibaki umeshika spana bila kuizungusha. Yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuonja tu, mtu wa dawa ya kikohozi, mtu wa kumsindikiza rafiki. Alimdanganya marehemu mkewe, akawadanganya wateja, binti yake ndiye usiseme. Hakujua kwamba neno lile lingeweza kusemwa mchana kweupe, kikavu, kama mtu anayesema alichelewa basi.

Bomba lilihitaji kiraba kipya cha ndani, na kiraba alikuwa nacho mfukoni. Akarudisha kile cha zamani, akakaza. "Spea imekosekana," alimwambia mama wa cherehani. "Nitarudi Jumamosi ijayo."

Jumamosi iliyofuata spea ikakosekana tena. Ya tatu, bomba la chini ya sinki, ambalo lilikuwa zima kabisa kabla hajaligusa, nalo likaanza kuvuja. Ilimuuma, kwa maana sifa ya kazi ndiyo kitu pekee alichokuwa hajakinywa. Hata hivyo alikaa kule chini ametega sikio, akijifanya anatafuta tatizo.

Mama wa cherehani alimletea chai hapohapo sakafuni. "Fundi, mimi nashona," alisema. "Nguo ikirudi kwangu mara tatu, ama sijui kazi, ama sitaki iishe. Na wewe kila mtu anasema unajua kazi."

Spana akajifanya bado anatafuta panapovuja.

"Kiti kipo, kile chekundu. Usipotaka kusema, hakuna atakayekuuliza."

Spana akatoa kiraba kipya mfukoni, akakitia, akaziba na kule chini. Yote mawili yalimchukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Kisha akaenda kukikalia kile kiti chekundu, magoti yakampanda mpaka kidevuni, na safari hii hakuona cha kucheka.

Sitawadanganya kwamba alitoka pale mtu mpya. Zilikuwepo siku alizoshinda, na siku alizorudi nyumbani akishikilia ukuta. Lakini kila Jumamosi alikwenda, na Jumamosi moja, alipotoka, miguu ilimpeleka moja kwa moja kwa binti yake.

Binti alifungua mlango, mtoto akiwa begani. "Baba. Umekunywa?"

Uongo ulishafika kwenye ulimi, umejipanga vizuri. Akaumeza. "Leo sijanywa. Jana nilikunywa."

Akangoja mlango ufungwe. Haukufungwa. Swali lile binti alikuwa amelirudia tangu akiwa msichana wa shule, na hakuwahi kupewa jibu la kweli.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Kuna watu nakaa nao Jumamosi. Kwenye viti vya watoto."

"Leo sikupi mtoto, Baba. Jana iko karibu mno."

"Najua, mwanangu."

Akageuka aondoke. "Subiri," binti alimwita. "Bomba la jikoni linavuja. Ukitoka kwa hao watu wako Jumamosi, pitia ulitengeneze."

Spana akaomba alione kwanza, ajue spea ya kuja nayo. Bomba lile alikuwa amelifunga kwa mkono wake mwenyewe miaka ya nyuma. Akapitisha kidole chini ya mdomo wa bomba, kikatoka kikavu. Nyuma yake binti alikuwa akimrekebishia mtoto kofia ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Machozi yalimtoka Spana, akayaacha yatoke.

"Linavuja kweli," alisema. "Hili haliishi kwa Jumamosi moja."

"Hata mimi nimeona hivyo," alisema binti yake.