Wa Kumsindikiza Dada

Dada yangu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, na alikuwa na rafiki. La jicho lilikuwa na dawa.

Dada ni fundi cherehani. Yeye anakata na kushona, mimi napachika vifungo, napinda mapindo na kupiga pasi, chumba kimoja, meza moja, tangu mama yetu afariki na dada akaacha shule ili mimi nisome. Kwa hiyo mtu asije akaniambia eti simjui. Najua anavyojikohoza akikosea kipimo. Najua chai yake isipomuunguza ulimi haijawa chai. Lakini kila Alhamisi mchana anafunika cherehani kwa kitambaa, wanaingia wanawake wawili wa kanisani kwake, na mimi nageuka mtu wa kuwapisha kwenye benchi.

Mmoja ni muoka mikate, mnene, mpole, huyo hana neno. Wa pili wanamwita Kengele, maana akiimba kwaya anasikika hadi barabarani. Huyo sasa. Anaingia bila kubisha hodi, anavua viatu kama yuko kwake, na dada yangu, ambaye mimi nikimchekesha hutabasamu kwa adabu tu, akimwona huyo anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu wana utaratibu wao. Kabla ya kuomba, kila mmoja anasema lililomlemea wiki hiyo bila kulipamba, na wenzake hawamkatizi wala hawampi ushauri. Wanasikiliza, kisha wanamwombea. Mimi nilikuwa pembeni na pasi yangu, masikio nimeyatega. Roho iliniuma, nisiwadanganye.

Siku ya kupasuliwa jicho ikapangwa. Hospitali wakasema mgonjwa aje na mtu mmoja tu wa kuingia naye ndani. Nikatoa gauni langu zuri, nikaanza kulinyoosha. Dada akaniangalia, akajikohoza.

"Mdogo wangu, nimemwomba Kengele aingie na mimi."

"Kengele?"

"Wewe utatusubiri nje."

Nikasema sawa. Haikuwa sawa hata kidogo. Siku hiyo nilipachika vifungo vya shati la mteja upande usio wake, na kola nikaiunguza. Mtu nimekula naye sahani moja tangu nina meno ya utoto, leo anasindikizwa na mtu wa kwaya.

Alhamisi ilipofika nikazima pasi, nikakaa nao. Wakafurahi kweli, wakanipa nafasi katikati. Zamu yangu ya kuomba ikafika, nikafumba macho, nikamwaga yote.

"Ee Bwana, wakumbuke wale wanaojipachika kwenye nafasi za ndugu wa damu. Wape aibu kidogo, Bwana, wajue mipaka yao."

"Amina," akaitikia muoka mikate kwa moyo wote. Kisha akafungua jicho moja. "Ni akina nani hao, mdogo wetu? Tuwataje, tuwaombee vizuri."

Nikazidi kufumba macho.

"Ni mimi," Kengele akasema. Hakununa, sauti yake haikupanda. "Endelea, mdogo wangu. Kama ndilo lililokulemea, liseme lote."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakosa wa kugombana naye. Nikamchukia zaidi kwa huo ustaarabu wake.

Walipoondoka, dada akakaa kwenye cherehani lakini hakushona.

"Hiyo sindano ya jicho inanitisha sana," akasema. "Wewe hujawahi kuniona naogopa, na sitaki unione. Kwako mimi ni mama. Mbele ya Kengele naweza kulia."

Wivu badala ya kupoa ukapanda. Miaka yote najisifu kwamba namjua, kumbe mimi nimeonyeshwa ujasiri tu, na yote mengine anayajua Kengele.

Siku yenyewe wakaingia wameshikana mikono, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi la nje, uso nimeukunja. Mara akatokea muoka mikate, viwiko bado vina unga, akakaa karibu na mimi, karibu mno.

"Vipi, mdogo wangu?"

"Salama tu."

Akanyamaza. Alinyamaza vile mpaka nikashindwa mwenyewe. Nikamwambia naogopa dada atatoka haoni. Nikamwambia namwonea Kengele wivu hadi chakula hakipiti. Nikamwambia nikimpoteza dada sina mtu mwingine duniani. Nikalia begani kwake kama mtoto, watu wanapita, wala sikujali.

Nilipotulia nikamuuliza mikate yake leo anauza nani.

"Hakuna. Nimefunga."

"Kwa ajili ya dada?"

"Dada yako ana Kengele," akasema, akanifuta machozi kwa upindo wa kitenge chake. "Dada yako mwenyewe alikuja kwangu Jumapili. Akasema ndani mtu mmoja anamtosha, ila huku nje mdogo wake hana wa kumlilia. Akaniomba nije nikae na wewe."