Siku Nilipomshinda Baba

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikaa Nyanchwa nikilinda nyumba ya mwalimu mgeni aliyekuwa amekwenda likizo kwao Ulaya. Aliniachia funguo, mbwa na mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa na ukubwa wa redio ndogo. Ulibonyeza hatua yako, ikanyamaza, kisha namba nyekundu zikakuonyesha hatua yake, nawe ukaisogezea kete zake kwenye ubao. Ugumu wake ulikuwa na ngazi sita.

Nia yangu ilikuwa moja tu: kumshinda baba. Alijifunza mchezo huo hospitalini wakati wa vita Burma, na tangu nikiwa shule ya msingi hakuwahi kuniachia hata mara moja. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani Marani tukacheza, akanichapa.

"Mwenye digrii!" alikuwa akicheka. "Umesoma mpaka umesahau kuwa mfalme ana mgongo?"

Jumapili moja nikamshinda. Iliyofuata nikamshinda tena. Mara ya tatu nilimshinda kabla ya hatua ishirini, na baba hakucheka. Nilirudi nikijisifu moyoni mpaka nusu ya njia, ndipo swali likaniingia: kwani nimeendelea kiasi gani hasa?

Niliiweka mashine kwenye ngazi ya tatu, ile iliyokuwa ikinishinda tangu siku ya kwanza. Ikanishinda. Kesho yake ikanishinda tena, kwa mtego uleule. Wiki sita za mazoezi, nami nilikuwa palepale. Basi ni nani aliyekuwa amesogea?

Nikaanza kukumbuka. Baba alikuwa amemshika farasi, akamzungusha vidoleni, akampeleka moja kwa moja kama ngome, mwendo usio wa farasi, kisha akajifanya anatania. Siku hiyohiyo aliniuliza mara mbili kama nimekula. Nilijiambia ni uzee. Halafu nikapiga hesabu: hajafika sitini.

Jumapili iliyofuata niliamua kushindwa makusudi. Nikamwacha malkia wangu wazi. Baba aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi.

"Usinipe, kijana."

"Sijakupa, Tata. Nimekosea."

"Wewe hukosei hivyo." Akageuka kuangalia jikoni, mama alikokuwa akimenya ndizi. Akapunguza sauti. "Hiyo mashine. Mtu akicheza nayo kila siku, inaweza kumrudishia alichopoteza?"

Sikujua.

"Inaweza," nikasema.

Jumatatu alifika Nyanchwa kabla ya saa nne asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Nilipanga kete, nikaiweka mashine kwenye ngazi ya kwanza bila kumwambia. Alicheza hatua nne nzuri. Namba nyekundu zikawaka, nikasogeza kete ya mashine, nikangoja. Mbwa alibweka nje, akanyamaza. Baba aliendelea kuutazama ubao, mikono magotini.

"Zamu ni ya nani?" akaniuliza.